Shamba la Fundi Venanti

Kila siku, kabla ukungu haujainuka juu ya migomba ya kijiji cha Rusange, Immakulata alikuwa amekwisha kufika bombani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita na kiranja wa zamu ya shamba katika shule ya kijiji. Aliipanga ndoo yake katika foleni, akachota konzi ya mchanga, akaisugua ndani na nje. Sheria ya bomba ilikuwa moja tu, na wote waliifuata: ndoo chafu haikingi maji.

"Sugua na masikio yako, Kiranja," alisema Tamimu, mwanafunzi mwenziwe. "Yana udongo wa kutosha kupanda viazi."

"Panda basi, uvune. Tangu lini kwenu mkajua kushika jembe?"

Wanawake waliokuwa katika foleni waliangua kicheko. Asubuhi hiyo ya Septemba, mwaka 1975, hapana aliyejua kwamba vicheko vya bombani vilikuwa vimebakiza siku chache.

Maji yale yalitoka katika chemchemi ya kilimani, yakateremka kwa bomba la chuma hadi katikati ya kijiji. Wanakijiji walikuwa wamechimba mtaro kwa mikono yao kwa muda wa viangazi viwili, kila kaya na hatua zake thelathini. Serikali ilitoa mabomba, kisha Bwana Maji wa wilaya akawaambia waziwazi: "Mabomba haya ni yenu. Taifa letu haliwezi kumtuma fundi kutoka mbali kila koki inapovuja. Mtoeni mtu wenu, sisi tutamfundisha."

Mtu huyo alikuwa Venanti, mkulima mtulivu asiye na maneno mengi. Mkutano wa kijiji ulimchagua mwezi Januari aende mjini Kigoma kusoma kwa miezi mitano. Mwenyekiti Abbasi alisimama mbele ya watu wote, akasema, "Ndugu Venanti, nenda na moyo mweupe. Tangu leo shamba lako ni shamba letu. Tutalilima, tutalipanda, tutalipalilia. Wanaokubali?"

Mikono iliinuka kama msitu. Baba yake Immakulata aliinua miwili. Nyuma kabisa alikaa Uwimana, mke wa Venanti, pamoja na mtoto wao Pelagia. Uwimana alikuwa amevuka mpaka kutoka Burundi miaka mitatu nyuma akikimbia mauaji, naye hakuwa na ndugu hata mmoja katika nchi hii. Alipiga makofi polepole, kama mtu anayepokea kitu kizito na kuogopa kukiangusha.

Kazi ikagawanywa. Watu wazima walilima na kupanda maharage. Shule ilipewa palizi, siku za Jumanne na Alhamisi alasiri, chini ya kiranja wa zamu. Mwezi Juni Venanti alirejea akiwa na cheti, mfuko wa spana na ufunguo wa banda la chanzo, yaani lile sanduku la saruji lililojengwa juu ya chemchemi. Kuanzia hapo koki hazikuvuja tena. Immakulata alimfuata kila alikokwenda, akimshikia spana.

"Mkono wako ni mdogo," Venanti alimwambia siku moja. "Mkono mdogo huingia pale mkubwa unapokwama. Nitakufundisha kazi hii, nawe utakuwa fundi kabla hujaolewa."

Ahadi hiyo aliilalia na kuiamkia. Hata siku moja Venanti hakusema neno juu ya shamba lake, wala Immakulata hakumwuliza.

Mwisho wa mwezi ule wa Septemba, Immakulata alikwenda nyumbani kwa Venanti, pembezoni mwa kijiji, akaukuta mlango umefungwa kwa kamba. Jiko lilikuwa limepoa. Vyungu havikuwapo, wala mikeka, wala mfuko wa spana. Fundi alikuwa ameondoka na familia yake alfajiri, bila kuaga. Ufunguo wa chanzo alikuwa ameondoka nao.

"Ametuuza!" alisema baba yake Immakulata. "Tumemsomesha, amepata ujuzi, kaenda kuuza ujuzi wetu mjini."

Watu wazima waliona wameibiwa fundi. Immakulata aliona ameibiwa neno alilopewa uso kwa uso. Tangu siku hiyo, kila aliposikia jina la Venanti, alitema mate chini kama alivyowaona wakubwa wakifanya.

Mvua za Oktoba ziliponyesha, majani na tope viliteremka hadi chemchemini, na maji ya bomba yakapungua, yakawa ya kudondoka, kisha yakakata. Wanaume walipanda kilimani, wakavunja kufuli, wakakuta humo ndani koki tatu wasizozijua. Kila mmoja alikuwa na maoni yake. Mwishowe baba yake Immakulata aliipiga mojawapo kwa nyundo, na bomba likapasuka shingoni. Wakashuka wakiwa wamelowa.

Kijiji kikarudi kunywa maji ya kijito cha bondeni, wanakonyweshwa ng'ombe. Vyoo walikuwa navyo; tangu mwaka wa kampeni ya afya kila kaya ilikuwa imechimba chake. Lakini choo kizuri hakimsaidii mtu anayechota kinyesi cha ng'ombe kwa ndoo yake mwenyewe. Haikupita wiki mbili, watoto wakaanza kuhara damu. Mdogo wake Immakulata, Kipriani, mtoto wa miaka minne, alikuwa wa sita kuugua. Macho yake yaliingia ndani, midomo ikakauka, akawa halii tena kwa kukosa nguvu. Tabibu wa zahanati alimfinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama.

"Mpelekeni hospitali ya Kasulu leo," alisema. "Msingoje kesho."

Mama alikuwa amejifungua juzi. Kwa hiyo Immakulata ndiye aliyefuatana na baba ili ampikie mgonjwa. Walimbeba Kipriani kwa baiskeli hadi barabara kuu, wakapata lori. Njia nzima Immakulata alimshikilia mdogo wake na kusema moyoni: Venanti, Venanti, Venanti.

Hospitalini Kipriani alitundikiwa maji ya mshipa. Siku ya tatu alifungua macho na kuomba uji. Immakulata alifurahi mno, akachukua mahindi katika kikapu, akaenda mbio kwenye mashine ya kusaga ya mfanyabiashara mmoja aitwaye Gharibu. Mashine ilikuwa imezimwa. Mtu alikuwa amepiga magoti kando yake, mikono imejaa grisi, na Immakulata aliutambua mfuko wake wa spana kabla ya kuuona uso.

Venanti aligeuka. "Immakulata! Mbona wasimama tu? Hata shikamoo imekwisha huko Rusange?"

"Maji ndiyo yaliyokwisha," alijibu Immakulata, wala hakumwamkia.

Watu waliokuwa wakingoja unga waligeuka kumtazama. Katika nchi ya Waha mtoto hamnyimi mtu mzima salamu, hata akiwa na hasira za namna gani.

"Umeondoka na ufunguo," aliendelea. "Uliniambia utanifundisha. Kumbe ulikuwa ukifunga mizigo! Kipriani yuko wodini. Amekunywa maji ya ng'ombe kwa ajili yako. Wewe ni msaliti."

Venanti aliweka spana chini polepole. "Kipriani anaumwa? Hilo sikulijua." Alijifuta mikono kwa tambara. Kisha akasema, "Mama Pelagia yuko hapo nyuma ya nyumba. Nenda ukamsalimu. Ukitoka kwake, rudi umalizie matusi yako. Nitakungoja."

Uwimana alikuwa ameketi akipepeta maharage, mtoto mchanga mgongoni. Pembeni yake alikaa Pelagia. Immakulata alimtazama akashtuka. Nywele za mtoto huyo zilikuwa nyepesi na nyekundu kama nywele za mahindi, na miguu yake ilikuwa myembamba kuliko mpini wa jembe.

"Karibu, Kiranja," alisema Uwimana. Neno hilo alilitamka bila kutabasamu, akamsogezea kigoda chake mwenyewe.

"Mwakeye, mama," Immakulata aliamkia kwa Kiha, sauti imempungua. "Pelagia anaumwa nini?"

"Haumwi sasa. Hapa anakula. Alikuwa na njaa." Uwimana aliendelea kupepeta. "Shamba letu halikutoa maharage hata debe moja. Magugu yaliyameza."

"Lakini kijiji kiliahidi..."

"Ego, ndiyo, kiliahidi." Uwimana aliweka ungo chini. "Sikia, mwana wanje, mwanangu. Siku ya kwanza mlikuja, mkapalilia matuta manne. Niliwachemshia viazi, unakumbuka? Alhamisi iliyofuata mlipita njiani na majembe mabegani, mkashuka kwenye mapera ya bondeni. Niliwasikia mkicheka. Nikasema, ni watoto hao, Jumanne watakuja. Jumanne nayo mlipita. Mimi nilikuwa na homa na mimba nzito, nikiinama, nilianguka. Nilimwendea baba yako. Aliniuliza, 'Pombe umeandaa?' Migomba yangu ina mwaka mmoja tu. Ndizi za pombe ningezitoa wapi?"

Immakulata aliinamisha kichwa. Hilo alilijua. Kwao jirani huitwa kulima kwa mtungi wa pombe ya ndizi, na mahali pasipo na mtungi, majembe huona uvivu. Kijiji kilitoa ahadi, lakini hakuna aliyefikiri kwamba ahadi ile haikuwa na mtungi.

"Basi nikaenda kwa Mwenyekiti," Uwimana alisema. "Alinionea huruma. Alitaka kuwatuma watu. Lakini kwanza akachukua karatasi iliyotoka shuleni, akanisomea: 'Shamba la Fundi Venanti limepaliliwa lote.' Akasema, 'Mama, labda homa inakudanganya. Shule haisemi uongo.' Nikamwuliza, jina lililo chini ni la nani?"

Hakulitaja. Hapakuwa na haja.

Immakulata alijiona tena, siku ile ya Aprili, akiwa amekaa juu ya mzizi, pera mdomoni na daftari la zamu magotini. Tamimu alikuwa akimhimiza, "Andika limekwisha, la sivyo Mwalimu atatuongezea siku." Naye akaandika. Tena, ili maneno yapate uzito, akaongeza "lote". Lilikuwa neno dogo. Hakupata kulikumbuka hata mara moja tangu siku ile. Na neno hilo ndilo lililofunga mlango wa Mwenyekiti mbele ya mwanamke mgonjwa, likapunguza nyama miguuni mwa Pelagia, likamfukuza fundi, na mwisho likamlaza Kipriani kitandani. Kwa miezi miwili alikuwa amemtafuta msaliti, na muda wote huo alitembea naye ndani ya gauni lake.

Alilia kwa muda mrefu. Uwimana hakumnyamazisha wala hakumfukuza.

Aliporudi mashineni, Venanti alikuwa angali amekaa palepale.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba."

"Mimi ndiye niliyeandika."

"Najua. Nilijua tangu Juni."

"Mbona hukuniambia? Ulinipa spana nishike!"

"Nilingoja kijiji kije chenyewe kilitazame shamba lile," alisema Venanti. "Nilitunza maji ya watu wasionitunzia mtoto. Nikangoja miezi mitatu. Hakuna aliyekuja. Ndipo nikajiambia, hawa waniona nina thamani kwa sababu ya bomba tu. Nikaondoka."

Immakulata alifuta machozi. "Ni kweli tulikutenda vibaya. Lakini Kipriani ana miaka minne, Fundi. Yeye hajawahi kushika jembe. Alikukosea nini?"

Venanti alichukua spana, akaitazama pande zote mbili kana kwamba hakuwahi kuiona. "Neno hilo," alisema mwishowe, "sina jibu lake."

"Basi utarudi?"

"Usiniombe kwa mdomo. Mdomo wa Rusange naujua."

Kipriani aliporuhusiwa hospitalini, nao wakarejea kijijini, Immakulata hakupitia kwao. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Bazilio, mkuu wa shule, mzee aliyefundishwa na mapadre zamani, mtu asiyepaza sauti kamwe na asiyesahau kamwe. Alimweleza yote, bila kulitaja jina la Tamimu.

Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho. "Lete daftari," alisema. Alilisoma lile neno, akalifunga. "Kosa lako ni la uongo. Langu ni kwamba niliusoma uongo, nikautia sahihi, na shamba lenyewe liko mwendo wa robo saa. Jumapili utalikiri lako mbele ya mkutano. Mimi nitalikiri langu kwanza, ili ujue kwamba kukiri hakuui."

Jumapili ilifika. Baada ya Mwalimu kusema, Immakulata alisimama mbele ya kijiji kizima, akasoma alichoandika, kisha akaeleza alichokiona Kasulu. Minong'ono ilianza. Baba yake aliruka akasimama.

"Mtoto wangu umenivua nguo mbele za watu!"

"Mwache," alisema Mwenyekiti Abbasi. "Wewe ulimwuliza mama yule kuhusu pombe?"

Baba alibaki amesimama, mkono hewani. Ulikuwa mmoja kati ya ile miwili aliyoiinua Januari. Kisha aliushusha. "Nilimwuliza," alikiri.

"Nami nilisoma karatasi, miguu yangu isiende," alisema Mwenyekiti. "Sasa nani aende Kasulu kumsihi Fundi?"

"Hapana mtu wa kwenda leo," alijibu Mwalimu Bazilio. "Maneno tumekwisha kumpa mengi. Kwanza tulime."

Walilima siku tatu, kwa kuwa mvua ilikuwa ya kupandia. Walikuja watu wazima kwa wanafunzi, na hapakuwa na mtungi wa pombe popote.

"Leo tunalima kwa maji matupu?" alitania mzee mmoja akijinyosha mgongo.

"Maji yenyewe yako wapi, babu?" alijibu Tamimu, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu bomba likauke. Kisha Tamimu alimsogelea Immakulata, akalima kando yake. "Hukunitaja," alisema kwa sauti ya chini. "Bora ungenitaja. Siku mbili hizi sipati usingizi." Jioni ile alikwenda mwenyewe kwa Mwalimu.

Kazi ilipokwisha, Mwalimu alimkabidhi Immakulata daftari. Naye hakuandika hapo hapo. Aliyapita matuta yote kwa miguu, moja baada ya jingine, akihesabu, ndipo akaandika: "Matuta themanini na mawili yamelimwa na kupandwa. Matuta mawili ya upande wa kijito yana mawe, hayakulimwa." Nakala ya maneno hayo Mwenyekiti na baba yake Immakulata waliipeleka Kasulu.

Venanti alikuja peke yake kwa lori la Jumatano. Hakwenda kilimani. Alikwenda shambani, karatasi mkononi, akapita matuta yote, akafika hata kwenye yale mawili yenye mawe. Hapo alisimama, akatikisa kichwa kama mtu aliyekuta ukweli mahali asipoutazamia. Ndipo aliposema, "Haya. Tupande kilimani."

Huko juu, kabla ya kuchukua spana, aliwageukia wanakijiji. "Nami nina langu la kusema. Nilikasirikia wakubwa, nikaadhibu watoto. Ufunguo ule haukuwa wangu. Tangu leo sitaushika peke yangu. Nipeni watu watatu niwafundishe, ili hata nikifa maji yasife."

Walichaguliwa mama mmoja, kijana mmoja, na Immakulata. Kwa siku nne walizibua chujio, wakabadilisha kipande kilichopasuka, wakajifunza kila koki na kazi yake. Mkono mdogo wa Immakulata ulitoa majani yaliyooza pale mkono wa Venanti ulipokwama. Siku ya tano bomba la kijijini lilikohoa, likatoa hewa, likatema tope, kisha likatoa maji meupe yenye baridi ya kilima.

Desemba Uwimana alirudi na watoto wake. Siku ya kwanza bombani foleni nzima ilimpisha. Immakulata alichukua mtungi wake, akausugua kwa mchanga, akaujaza.

"Shikamoo, mama. Nisamehe."

Uwimana alimtazama. "Nimekusamehe, mwana wanje. Kusahau bado. Nitakapomwona Pelagia akikimbia, labda." Alijitwika mtungi, akaenda zake, maji yasimwagike hata tone.

Immakulata alibaki ameinama. Mwalimu Bazilio, aliyekuwa amekuja kunawa mikono, alimwona.

"Neno lake limekuuma?"

"Limeniuma, Mwalimu."

"Vema. Liache likuume, ni haki yake. Sikiliza, Immakulata. Taifa letu linawasomesha mafundi ili kila kijiji kijitegemee, na ni jambo jema. Lakini cheti na spana havitoshi. Maji haya yanapita katika bomba la chuma, na kabla ya hapo yanapita katika neno la mtu. Neno likipasuka, hakuna spana ya kulikaza. Ni kulima upya, tuta kwa tuta. Kwa hiyo usiandike usichokiona, wala usiahidi usichokusudia kutenda."

Kisha alimnyoshea daftari la zamu, maana ilikuwa siku ya Alhamisi na magugu ya kwanza yalikuwa yameanza kuchomoza katika shamba la Fundi Venanti. Immakulata alilipokea, akalitia kwapani. Lakini kwanza alichukua jembe.